Kwenda Tamashani Peke Yako Si Ugonjwa: Roki, Mombasa na Msikilizaji Mmoja Mmoja

Tangu Shirika la Afya Duniani litoe ripoti yake tarehe 30 Juni 2025 na kueleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, mazungumzo ya jambo hili yamefika hadi kwenye baraza za Mombasa, ambako zamani upweke ulihesabiwa kuwa shida ya wajane na ya wazee waliokimbiwa na watoto wao. Ni heri kwamba tunalizungumza. Hata hivyo, pamoja na heri hiyo limeingia kosa ambalo linazidi kuota mizizi: kila anayeonekana peke yake mahali pa starehe huchukuliwa kuwa ana maradhi. Kijana aliyeketi peke yake ufukweni Mama Ngina huonewa huruma, na msichana aliyesimama peke yake mbele ya jukwaa linalopandwa na bendi nne za gitaa huulizwa amekosana na nani. Waandalizi wa matamasha nao wameifuata fikra hiyo bila kuipima. Matangazo yao yanatanguliza tiketi ya kundi la watu watano na meza ya watu wanane au kumi, na bei ya mtu mmoja huonekana chini kabisa, ikiwa ndiyo ghali kuliko zote kwa kila kichwa.

Msimamo wangu ni kwamba mtu anayekwenda peke yake kwenye tamasha la bendi kadhaa za roki ndiye msikilizaji ambaye muziki huo unamhitaji kuliko mwingine yeyote, na kwamba mji kama Mombasa, ambao wapenzi wake wa roki wametawanyika, hautapata hadhira ya kudumu ya muziki huo mpaka ukubali kuwa hadhira yenyewe itakuja mtu mmoja mmoja. Anayemhesabu mtu huyo kuwa mgonjwa wa upweke hajamwelewa, na mwandalizi anayemtoza zaidi anapunguza watu ambao tamasha lake linawategemea.

Roki ya kujitegemea, ambayo vijana huiita indi, ilipata umbo lake Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, wanamuziki walipochoka kungoja kampuni kubwa za rekodi ziwaite. Duka la rekodi la Rough Trade lilifunguliwa London mwaka 1976, na kufikia 1978 lilikuwa limeanzisha lebo yake, yaani kampuni yake ya kutoa rekodi. Mwaka huo huo lebo ya Factory ikaanza kazi Manchester. Lebo ya Dischord ikaanzishwa Washington mwaka 1980, na Januari ya mwaka huo Uingereza ikachapisha kwa mara ya kwanza orodha ya mauzo ya rekodi za lebo huru. Waanzilishi hawa hawakuwa na mtindo mmoja wa kupiga gitaa. Walichoshirikiana ni namna ya kufanya kazi: kurekodi kwa fedha kidogo, kujisambazia wenyewe, na kupanda jukwaani pamoja na bendi nyingine mbili tatu kwa kuwa hakuna aliyeweza kuujaza ukumbi akiwa pekee. Tamasha la bendi nyingi, kwa hiyo, lilizaliwa na uhaba. Bendi hugawana gari, dramu, amplifaya na fundi mitambo, na zaidi ya yote hugawana wasikilizaji, kila moja ikitumai kwamba waliokuja kwa ajili ya mwenzake watasimama wakaisikiliza nayo. Fugazi, bendi iliyotoka katika kundi la Dischord, ilishikilia kwa miaka mingi kuuza tiketi kwa takriban dola 5 na kumruhusu mtu wa umri wowote kuingia. Hesabu yao ilianzia kwa mtu mmoja na kile kilichomo mfukoni mwake.

Mombasa ina historia ndefu ya bendi, ila historia hiyo imekulia zaidi mahali pawili, yaani harusini na hotelini. Taarab ya Juma Bhalo, ya Zein l'Abdin na ya Zuhura Swaleh ilipendwa hasa katika harusi, na muziki wa bango wa Mzee Joseph Ngala wa Frere Town nao uliishi katika hafla za familia. Kwa upande wa pili, Them Mushrooms walijijenga kwa kuwapigia watalii katika hoteli za pwani. Ukizitazama sehemu hizo mbili kwa makini utaona zinafanana katika jambo moja: msikilizaji hakuichagua bendi. Harusini alialikwa kwa sababu ya undugu au ujirani, na bendi akaikuta. Hotelini alilipia chumba na chakula, na bendi ikaja pamoja navyo. Tamasha la tiketi, ambalo mtu huona majina ya bendi kwanza kisha akaamua kutoka nyumbani kwa ajili ya majina hayo, ni desturi ya aina ya tatu, na Afrika Mashariki imeijenga hivi karibuni tu: Sauti za Busara ilianza Zanzibar mwaka 2004, Blankets & Wine ikaanza Nairobi mwaka 2008, na Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapa, tamasha la mwisho wa mwaka chini ya mibuyu limepata jina. Mombasa yenyewe bado inasomea desturi hiyo ya tatu kwa vitabu vya zile mbili za kwanza. Ndiyo maana mtu aliyekuja kusikiliza bendi anapokelewa kana kwamba amekuja harusini bila jamaa zake.

Sasa tuitazame hadhira yenyewe. Bendi nyingi za roki zinazojulikana nchini, kama vile Parking Lot Grass, Murfy's fLaw na Crystal Axis, ni za Nairobi, kilomita 480 hivi kutoka hapa, na wapenzi wa muziki huo walioko Mombasa hawakulelewa mtaa mmoja wala hawakusoma shule moja. Yupo wa Tudor, yupo wa Likoni, yupo wa Changamwe aliyejifunza gitaa chumbani kwa kutazama video. Mchukue yeyote kati yao umweke katikati ya marafiki zake sita, kisha waulize wote waende wapi Jumamosi usiku. Marafiki hao hawachagui kile ambacho mmoja wao anakipenda mno. Wanachagua kile ambacho hakuna anayekichukia. Hiyo ni njia nzuri ya kudumisha urafiki, nami siilaumu, lakini kwa muziki wa watu wachache ni hukumu ya kifo, kwa sababu muziki wa watu wachache hushindwa katika kila kura. Ukiyajumlisha makundi yote ya marafiki ya mji huu, yote yatakuwa yamekwenda kwingine, ilhali ndani ya kila kundi alikuwemo mtu mmoja aliyetamani kusimama mbele ya gitaa. Watu hao mmoja mmoja, wakijumlishwa, wanatosha kujaza ukumbi. Kinachowazuia ni sharti ambalo halikuandikwa popote, kwamba lazima kila mmoja aje na wenzake.

Hoja hii inapata nguvu zaidi tukitazama jinsi usiku wa bendi nyingi unavyokwenda. Kwa kawaida majaribio ya sauti hufanywa kinyumenyume: bendi kuu hujaribu kwanza, na bendi ya ufunguzi hujaribu mwisho, ili vyombo vyake vibaki jukwaani tayari kwa kuanza. Mpango huo una busara, lakini unaiweka bendi changa kwenye hatari, kwani muda ukipotea mchana, na hupotea karibu kila mara, unaokatwa ni wa bendi hiyo. Matokeo yake inapanda jukwaani ikiwa na sauti ambayo haijasawazishwa vizuri, katika saa ambayo watu ni wachache kuliko saa nyingine yoyote ya usiku ule. Ni nani anakuwapo ukumbini saa hiyo? Makundi bado yanangojana, mmoja hajamaliza kuvaa, mwingine amekwama kwenye msongamano wa magari Nyali, na wengine wamekubaliana kwamba hapana haja ya kufika kabla ya bendi kuu. Kundi lililokuja kwa ajili ya rafiki yao mpiga besi nalo huondoka pindi rafiki huyo anaposhuka: wakwetu wamemaliza, twendeni. Aliyekuja peke yake hana wa kumngoja wala wa kumvuta mkono. Anafika saa aliyoambiwa, anasimama karibu na jukwaa kwa kuwa hana meza ya kulinda, anasikiliza bendi ambayo hakuwahi kuisikia jina lake, na anabaki mpaka ya mwisho kwa kuwa nauli ameshailipa na usiku ni wake. Ikiwa tamasha la bendi nyingi limejengwa juu ya matumaini kwamba bendi zitagawiana wasikilizaji, mtu huyo ndiye anayeyatimiza.

Nilihudhuria usiku mmoja wa aina hiyo hapa Mombasa bila mwenzangu. Kijana wa langoni, kwa adabu yote, aliniuliza, "Wenzako wako wapi?" kabla hajaniuliza tiketi. Kilichobaki akilini mwangu zaidi ni kile kipindi cha kati ya bendi moja na nyingine, ambacho huchukua dakika 20 au 30, na ambacho kwa aliye peke yake ndicho kigumu. Taa ziliwashwa, makundi yakageukiana na kuanza mazungumzo, nami sikuwa na wa kugeukia, kwa hiyo nikatazama jukwaa. Mpiga dramu aliyekuwa anaondoka alifungua upatu wake mmoja mmoja na kuufunga katika mfuko wa kitambaa, huku anayeingia akipandisha kiti kwa sababu alikuwa mrefu zaidi. Mpiga besi alipiga magoti na kubandika nyaya sakafuni kwa utepe mweusi, kisha akaupitishia kidole gumba mara mbili ili usibanduke. Kijana mwingine aliyekuwa peke yake pembeni yangu alinieleza ni kwa nini waliazimana ngozi ya dramu. Hayo hayakuwa maongezi makubwa, ila yalikuwa juu ya kile kilichotuleta pale, na sijui ningeyasikia vipi kama ningekuwa nimezungukwa na watu wa nyumbani.

Zipo hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba muziki ni wa kushirikiana, na kwamba furaha isiyo na wa kuambiwa hupungua. Ninaikubali nusu yake. Anayerudi nyumbani peke yake anakosa yale mazungumzo ya njiani, ambapo mmoja hukumbusha wimbo na mwingine huumalizia, na kukosa huko ni hasara ya kweli. Lakini tusichanganye kinachotokea baada ya muziki na kinachotokea wakati wa muziki. Katika ukumbi wa roki watu wote wanatazama upande mmoja, na sauti iko juu kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani, katika viwango lililotoa mwaka 2022, lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Katika makelele ya kiasi hicho rafiki aliye ubavuni mwako hawezi kukuambia neno ukalisikia. Isitoshe, tuna sababu ya kutilia shaka makisio yetu juu ya nafsi zetu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani Rebecca Ratner na Rebecca Hamilton walichapisha utafiti uliohusisha watu waliopitishwa katika jumba la sanaa, wengine peke yao na wengine wakiwa na wenzao. Waliokuwa peke yao walitarajia kufurahi kwa kiasi kidogo kuliko waliokuwa na wenzao, lakini furaha waliyoipata haikupishana na ya hao wengine. Jumba la sanaa si ukumbi wa gitaa, na Mombasa si Marekani, kwa hiyo sidai kwamba utafiti huo umemaliza ubishi. Unachoonyesha ni kwamba hofu inayomfungia mtu nyumbani huenda ikawa kubwa kuliko kile anachokiogopa.

Hoja ya pili, ya usalama, ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, hasa inapotolewa na wanawake. Mama anayemkataza bintiye kwenda peke yake Mtwapa au Bamburi usiku hamkatazi kwa sababu ya muziki. Anafikiria barabara ya kurudi, anafikiria kituo cha feri Likoni saa nane za usiku, anafikiria habari za vijana wenye mapanga zilizowahi kuwatia hofu watu wa Kisauni. Kundi hupunguza hatari hizo, na asemaye vinginevyo anajidanganya. Hata hivyo, tuangalie hatari yenyewe imekaa wapi. Haiko ndani ya kusikiliza peke yako. Iko katika tamasha lililotangazwa kuanza saa kumi na mbili jioni likaanza saa mbili usiku, likamaliza saa ambayo hakuna aliyeambiwa, mahali ambapo njia ya kutokea haina taa na tuktuk inapatikana kwa kubahatisha. Wanaotoka wanne wakiwa wametawanyika katika kiza hicho nao hawako salama. Tukimwambia mwanamke atafute wenzake kwanza, tumemtwisha mzigo ambao ni wa mwandalizi, na tumemwachia mwandalizi huyo nafasi ya kuendelea kuchelewesha na kunyamaza.

Iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni ile inayodai kwamba kwenda peke yako starehe ni tabia ya Wazungu, kwamba upweke ni maradhi yao, na kwamba sisi wa mwambao, ambao mtu kwetu ni watu, hatuna haja ya kuiga. Takwimu za ripoti ile ile ya mwaka 2025 zinapingana na dai hili waziwazi: katika nchi za kipato cha chini, kiasi cha asilimia 24 ya watu walisema wanahisi upweke, ikilinganishwa na takriban asilimia 11 katika nchi za kipato cha juu. Kenya imewekwa katika kipato cha kati cha chini, kwa hiyo hakuna takwimu kati ya hizo mbili iliyo yetu moja kwa moja, lakini fikra kwamba umaskini na ujamaa vimetukinga haina mahali pa kusimama. Ripoti hiyo pia inaueleza upweke kuwa ni maumivu ya pengo lililopo kati ya mahusiano anayoyataka mtu na yale aliyonayo. Msichana mwenye ndugu, jirani na marafiki tele, ambao hakuna hata mmoja wao anayependa gitaa lenye mvumo, hana pengo hilo kwa sababu tu ametoka usiku mmoja bila wao. Kinyume chake kinawezekana kabisa, kwamba aliyekaa kwenye meza ya watu kumi, akiigiza furaha kwa ajili ya muziki asioupenda, ndiye mwenye pengo. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 29, ambao kati yao asilimia 17 hadi 21 waliripoti upweke, hawatasaidiwa kwa kuzuiwa kwenda mahali ambapo wangeweza kukutana na watu wanaopenda wanachokipenda wao.

Na kuhusu kuiga, wanaosema hivyo wamesahau taarab yao wenyewe. Harusini watu wamejaa, kila mtu amekuja na nduguze, lakini kilele cha usikilizaji ni kitendo cha mtu mmoja: ubeti unamgusa mwanamke, anainuka kitini, anapita katikati ya watu akiwa ameinua noti, anamtuza mwimbaji, kisha anarudi kuketi bila kumweleza mtu yeyote ni kipi kilichomwinua. Waliobaki wamekaa wanajua kwamba ana lake na ule ubeti, na adabu inawataka wamwachie. Mwambao huu kwa muda mrefu umempa heshima mtu ambaye, kwa kitambo kidogo, anausikiliza muziki kwa ajili yake peke yake. Anayesimama mbele ya bendi ya roki bila mwenzake anaomba heshima hiyo hiyo kwa usiku mzima.

Waandalizi wana hoja yao ya biashara, kwamba kundi linaleta watu wengi kwa mpigo na linatumia zaidi kwenye vinywaji. Kwa tamasha la mwimbaji mkubwa wa bongo fleva hoja hiyo inasimama. Kwa usiku wa bendi nne za roki inaanguka, kwa sababu wateja wenyewe hawapatikani kwa makundi. Tuseme tiketi ya mtu mmoja ni shilingi 1,500 na ya watu watano ni shilingi 6,000: kila mmoja katika kundi amelipa 1,200, na aliyekuja peke yake ametozwa 300 zaidi. Punguzo hilo halitawashawishi marafiki wanne wasiopenda roki, kwa kuwa hata 1,200 ni nyingi kwa muziki usioutaka, wakati kwa kijana wa Changamwe hizo 300 ndizo tuktuk ya kurudia au sehemu kubwa yake. Mwandalizi amempa punguzo asiyekuja na akamwongezea bei anayekuja.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja serikali ya kaunti wala mdhamini. Bei ya msingi iwe ya mtu mmoja, na punguzo, kama lazima liwepo, litolewe kwa anayeingia kabla ya bendi ya kwanza, ili saa ile yenye watu wachache ipate watu. Saa ya kila bendi na saa ya kumaliza zichapishwe kwenye tangazo na ziheshimiwe, maana mtu aliye peke yake hupanga safari yake ya kurudi kwa saa hizo, na mwanamke aliye peke yake huamua kwa saa hizo kama atatoka au hatatoka. Langoni wawepo wahudumu wanawake, na tuktuk zinazojulikana zipangwe kusubiri mahali penye mwanga hadi wa mwisho aondoke. Ukumbi uwe na pembe tulivu ya kupumzishia masikio, kama viwango vya mwaka 2022 vinavyopendekeza, pamoja na viti vichache visivyo vya meza ya mtu, ambavyo aliyekuja peke yake anaweza kukalia katika zile dakika za kubadilisha vyombo bila kuonekana amevamia shughuli ya wengine. Gharama kubwa katika haya yote ni nidhamu ya saa. Mwandalizi atakayeyajaribu kwa misimu miwili ataweza kuipima hoja yangu bila kuniuliza, kwa kuhesabu tiketi zilizokatwa langoni kabla ya bendi ya ufunguzi kupiga wimbo wake wa kwanza, na kuzilinganisha na zile alizokuwa akizikata alipokuwa akiuza meza.